Kusoma Shahada ya Kwanza Ng'ambo Ukitokea Nairobi: Anza na Karo ya Mwaka wa Tatu

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, yakishatangazwa, wageni hawaishi nyumbani kwangu Buruburu. Huja wazazi na watoto wao, wengine niliowafundisha mwenyewe, wengine wameelekezwa na jirani, na swali huwa lile lile: "Mwalimu, tumpeleke nchi gani?" Nawapa chai kwanza. Kisha natoa daftari na kalamu, nami nauliza langu: karo ya mwaka wa tatu atalipa nani?

Siulizi hivyo kumvunja mtu moyo. Kijana mmoja niliyemfundisha hisabati alipata A-. Harambee ikafanyika kwenye ukumbi wa kanisa, jogoo akapigwa mnada mara tatu, na pesa zikatosha mwaka wa kwanza na kipande cha wa pili. Baba yake alinishika mkono akasema, "Mwalimu, mwaka wa kwanza tumeuvuka. Huko mbele Mungu atafungua." Katikati ya mwaka wa pili chuo kilikataa kumsajili kwa sababu ya deni, na mwanafunzi asiyesajiliwa hawezi kuendelea kuishi ugenini kwa viza ya masomo. Alirudi bila shahada, na mkopo wa Sacco ukabaki mabegani mwa baba yake. Akili kijana alikuwa nazo, bidii pia. Hesabu ndiyo haikufanywa, na ingechukua jioni moja tu.

Safari hii si ngeni kwetu. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye akaenda Kansas, akahitimu biolojia mwaka 1964. Watu wengi hukumbuka ndege. Mimi nakumbuka kwamba wengi wa vijana wale walikuwa wameshapata chuo na ufadhili, na nauli ndiyo iliyokuwa imewashinda. Karo ilitafutwa kwanza, ndege ikafuata. Nami nimeupanga mwongozo huu kwa mtiririko huo huo.

Hatua ya 1: Hesabu ya miaka yote

Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila chuo unachokifikiria. Andika karo ya mwaka, malazi, chakula, bima ya afya, vitabu, usafiri na simu, kisha zidisha kwa idadi ya miaka. Ongeza gharama za mara moja: ada ya maombi, mtihani wa lugha, viza, vipimo vya afya, tiketi ya ndege, amana ya chumba na nguo za baridi. Usiichukue karo ya mwaka huu ukaizidisha kwa nne hivi hivi, maana vyuo vingi hupandisha. Mimi huongeza asilimia 5 kila mwaka kama tahadhari.

Halafu kuna shilingi yetu. Januari 2022 dola moja ilikuwa kama Sh113. Januari 2024 ilikaribia Sh160. Familia iliyokuwa ikilipa dola 10,000 kwa mwaka ilijikuta ikitafuta karibu Sh1.6 milioni badala ya Sh1.13 milioni, na chuo hakikuwa kimeongeza hata senti. Baadaye mwaka huo shilingi ilijikaza ikarudi karibu na 129, lakini ankara ya Januari haikungoja. Kwa hiyo piga hesabu kwa kiwango kibaya zaidi kuliko cha leo.

Kazi ya muda usiiweke kwenye safu ya karo. Sheria zenyewe zinakubana: Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi, yaani F-1, hufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Uingereza ni saa 20 pia wakati wa muhula. Kanada ni saa 24 nje ya chuo. Ujerumani ni siku 140 nzima kwa mwaka. Pesa hizo hununua chakula na kulipia simu. Anayekwambia binamu yake analipa karo yote kwa kuosha vyombo, mwombe akuonyeshe risiti.

Chini ya ukurasa andika majina ya watakaolipa, kiasi cha kila mmoja, na mwaka ambao kila mmoja analipia. Jina lisilo na kiasi, lifute. Pesa za harambee huwa naziweka kwenye gharama za mara moja, yaani tiketi, viza na amana, kwa sababu watu huchanga kwa moyo mara ya kwanza, lakini ukiwaita mara ya pili ukumbi huwa nusu, na mara ya tatu unabaki na ndugu wa damu peke yao. Mwaka wa pili, wa tatu na wa nne unahitaji chanzo kinachojirudia: mshahara, biashara inayotembea, ufadhili wenye barua, au shamba ambalo familia imekaa chini na kukubaliana kuliuza. Kukubaliana, si kumfikiria tu mzee aliye kijijini kwamba atasema ndiyo.

Hatua ya 2: Jua cheti chako kinafungua mlango gani

Hapa ndipo nchi zinapoanza kuachana. Vyuo vingi vya Marekani na Kanada humpokea mwenye KCSE moja kwa moja katika shahada ya miaka minne. Uingereza, shahada huchukua miaka mitatu (Scotland minne), lakini vyuo vingi havichukulii KCSE kuwa sawa na A-level, yaani cheti chao cha sekondari ya juu, kwa hiyo mwanafunzi huanza na mwaka wa msingi, na mwaka huo una karo yake. Ukiambiwa "Uingereza ni miaka mitatu tu", andika minne kwenye daftari.

Ujerumani ina habari njema na sharti gumu. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa yuro 1,500 kwa muhula, na baadhi ya vyuo kama Chuo Kikuu cha Ufundi cha München ambacho nacho sasa hutoza. Sharti lenyewe ni kwamba KCSE peke yake kwa kawaida haikuingizi moja kwa moja. Unapitia Studienkolleg, kozi ya maandalizi ya mwaka mmoja hivi inayoishia kwa mtihani, na kuingia huko kwenyewe kunataka Kijerumani cha kiwango cha kati, B1 au B2. Shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Goethe-Institut iko pale Maendeleo House, katikati ya jiji, na mwenye nia ya kweli huanza masomo ya lugha mara tu baada ya kufanya mtihani wa KCSE, bila kungoja matokeo. Kutoka sifuri hadi B2 ni kazi ya mwaka na zaidi.

Jambo moja wazazi hulisahau kabisa: je, shahada hiyo itatambuliwa mtoto akirudi? Anayetaka udaktari aende kwanza KMPDC, baraza linalosajili madaktari, kwa sababu waliosomea nje hufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuanza mafunzo ya kazi hospitalini. Anayetaka uhandisi aulize Bodi ya Wahandisi kama kozi hiyo inakubalika. Anayetaka uwakili ajue kwamba alama zake za KCSE, hasa Kiingereza au Kiswahili, zinaweza kumfuata hadi mlango wa Kenya School of Law hata akiwa na shahada nzuri ya sheria kutoka nje. Maswali haya hujibiwa bure, na kuyauliza baada ya miaka mitano ni uchungu ambao nisingemtakia mtu.

Kwa wazazi wa mtaala mpya wa umilisi: KCSE ya mwisho ni ya mwaka 2027. Watoto waliotangulia katika mtaala huo watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, kwa hiyo nyinyi waandikieni vyuo mapema mkiuliza watasomaje cheti hicho kipya, na majibu yahifadhiwe.

Hatua ya 3: Ufadhili, na maneno yaliyofichwa ndani yake

Neno "ufadhili" limepoteza watu wengi. Chuo kinachotoza dola 40,000 kikikupa "ufadhili wa asilimia 50" bado kinakudai dola 20,000 kila mwaka. Soma barua yote. Inafuta karo peke yake, au na malazi? Ni ya mwaka mmoja au ya shahada nzima? Inataka alama za wastani gani ili iendelee? Nimeona barua tamu sana ambayo sentensi yake ya mwisho ilisema msaada utaangaliwa upya kila mwaka. Sentensi hiyo ndiyo niliyoipigia mstari.

Marekani ina vyuo vichache vinavyompokea mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia kama familia ina pesa, kisha vinajaza pengo lote la gharama. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Kuingia huko ni kugumu mno, lakini kwa mtoto wa Mathare aliyepata A, chuo cha aina hiyo kinaweza kuwa nafuu kuliko chuo cha kawaida kisicho na msaada. Vipo vyuo vingine vidogo ambavyo majina yake hayajulikani hapa kwetu na vina mfuko mnono kwa wageni. Visitupwe kwa sababu tu jirani hajawahi kuvisikia.

Hapa Kenya kuna milango inayojulikana. KenSAP, tangu mwaka 2004, huwasaidia watoto wa familia zisizojiweza waliofanya vyema sana katika KCSE kuomba nafasi katika vyuo vya Marekani na Kanada. Zawadi Africa huangalia wasichana. Equity Group Foundation ina programu yake ya viongozi ambayo imewapeleka wengi ng'ambo. Aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili aangalie Ashinaga. Chuo Kikuu cha Toronto kina ufadhili wa Lester B. Pearson, ambao shule yako lazima ikupendekeze kwanza, kwa hiyo mwendee mwalimu mkuu mapema. Serikali ya Hungary hutoa Stipendium Hungaricum, nayo Uturuki ina Türkiye Bursları, ambayo dirisha lake la maombi kwa miaka mingi limekuwa kati ya Januari na Februari na mwombaji wa shahada ya kwanza huwa chini ya miaka 21. Ukibaki Afrika, Chuo Kikuu cha Ashesi cha Ghana hupokea wanafunzi wanaofadhiliwa na Mastercard Foundation. Usidharau Ghana kwa sababu haina theluji.

Ufadhili wenyewe huombwa bure, ingawa chuo kinaweza kuwa na ada yake ya maombi. Ukiombwa pesa ili "jina liingie kwenye orodha", umefika kwa tapeli.

Hatua ya 4: Kalenda

Matokeo ya KCSE siku hizi hutoka karibu na wiki ya pili ya Januari. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya tarehe 1 Novemba na siku za kwanza za Januari. Ona pengo lilivyo: unapopata alama zako, mlango umefungwa juzi. Ndiyo maana wanafunzi wengi wetu hutumia mwaka mzima baada ya Kidato cha Nne kufanya maombi kwa utulivu, na kuondoka Agosti ya mwaka unaofuata. Mwaka huo haujapotea. Ni wa SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, kwa vyuo vinavyoitaka, wa insha, wa Kijerumani, wa kutafuta karatasi.

Uingereza, maombi hupitia UCAS: fomu moja, vyuo visivyozidi vitano. Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari hufunga tarehe 15 Oktoba. Kozi nyingi nyinginezo hufunga Januari.

Hatua ya 5: Karatasi, na lile jina

Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cha KCPE ya shule ya msingi, cha KCSE, kitambulisho na pasipoti kama unayo. Soma kila jina kwa kidole, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kina Akinyi na jina la baba. Cha shule kimeongeza jina la ubatizo. Cha KCSE kimeacha la baba, au "Mohamed" imekuwa na m mbili. Nyumbani sote tunajua ni mtoto yule yule. Afisa wa viza hajui. Aliye bado shuleni ahakikishe jina lake wakati wa usajili wa mtihani, kwa kuwa kurekebisha baadaye kupitia KNEC, baraza la mitihani, huchukua muda na barua nyingi. Kama tofauti imeshatokea, pata wakili akuandikie hati ya kiapo, au badilisha jina kisheria, kabla ya kuomba pasipoti.

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, kisha unakwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole Nyayo House au ofisi nyingine ya Uhamiaji. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya wazazi. Iombe hata kabla ya kupata chuo, kwa sababu mitihani kama SAT na IELTS hukutaka uende na pasipoti au kitambulisho kinachokubalika.

Chuo kitataka pia alama zako za Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, zikiwa na muhuri wa shule, na barua za walimu wawili. Tafadhali, mpe mwalimu wiki tatu. Barua niliyoiandika usiku mmoja kwa sababu mwanafunzi alikuja jioni ya siku ya mwisho haikumtendea haki, na hadi leo inaniuma. Vyuo vingine hudai KNEC yenyewe ithibitishe matokeo, na ombi hilo hufanywa mtandaoni kwenye mfumo wa KNEC kwa ada.

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL hudumu miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuufanya mapema mno. Kwanza uliza kama chuo kinakusamehe kwa alama yako ya Kiingereza ya KCSE. Vingine husamehe, na umeokoa pesa nyingi.

Hatua ya 6: Fomu na insha

Vyuo vingi vya Marekani huombwa kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni, na asiyejiweza anaweza kuomba asamehewe ada za maombi. Insha ndiyo inayowatoa jasho.

Msichana mmoja aliniletea insha iliyoanza kwa kusema kwamba tangu utotoni ndoto yake ni kuwa mhandisi na kubadilisha Afrika. Nikamuuliza, "Jana jioni ulifanya nini?" Akasema alikuwa akipanga zamu za maji. Kwao Kayole, maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa usiku, na nyumba 14 hutegemea tangi moja. Wapangaji walikuwa wakigombana mpaka mitungi inapasuliwa. Yeye alichukua karatasi, akapima kwa saa mtungi wa lita 20 unajaa kwa muda gani, akagawa usiku kwa nyumba, akaipa nyumba yenye mtoto mchanga zamu ya kwanza, na karatasi ikabandikwa mlangoni. Mzee mmoja aliichana mara mbili. Mara ya tatu msichana alimpa mzee kalamu aandike zamu mwenyewe, na tangu hapo haikuchanwa tena. "Andika hiyo," nikamwambia. "Lakini Mwalimu, hiyo ni maji tu." Aliiandika. Chuo kilichompa nafasi kilimtajia mitungi ile kwenye barua yake.

Andika mwenyewe, kwa Kiingereza chako. Mwalimu akusahihishie makosa ya sarufi, lakini asikupe maisha ya mtu mwingine. Nairobi wapo wanaouza insha, na msomaji aliyepitia maelfu huitambua insha ya kununuliwa.

Ofisi ya EducationUSA iliyo chini ya ubalozi wa Marekani hutoa ushauri juu ya vyuo vya Marekani. Ni chanzo cha kuaminika, na sijui kwa nini watu huipita wakaenda kumlipa mtu ghorofani mjini.

Hatua ya 7: Mawakala

Sitasema mawakala wote ni wabaya. Wengi hulipwa kamisheni na vyuo, na hilo lenyewe linakueleza kwa nini watakupeleka kwenye vyuo vinavyowalipa na si vinavyokufaa. Muulize wakala waziwazi analipwa na nani. Muulize pia swali la mwaka wa tatu, uone kama atajibu au atabadilisha mazungumzo.

Karo hulipwa kwenye akaunti ya chuo, yenye jina la chuo, kwa maelekezo yaliyo kwenye barua au tovuti ya chuo chenyewe. Haiendi kwa nambari ya M-Pesa ya mtu, wala kwa akaunti ya kampuni "itakayokutumia". Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizokuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto kusoma Finland na Kanada. Wengi walikuwa wameuza mashamba na ng'ombe. Mpango ulikuwa na nembo ya serikali, na bado pesa zilipita mikononi mwa watu wa kati. Kwa hiyo hata nembo isikutoe kwenye kanuni hii.

Hakikisha pia chuo kina ruhusa ya kupokea wageni. Uingereza ina orodha ya wadhamini wenye leseni, Kanada ina orodha ya taasisi zilizoteuliwa, Marekani ina orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kutoa I-20, fomu ya chuo inayokuwezesha kuomba viza. Orodha zote ziko kwenye tovuti za serikali zao, na kutafuta jina ni kazi ya dakika tano.

Hatua ya 8: Viza na pesa za kuonyesha

Uingereza hutaka uonyeshe karo ya mwaka wa kwanza iliyobaki pamoja na pesa za kujikimu hadi miezi tisa: tangu Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisomea London, na 1,171 kwingineko. Nje ya London hiyo ni pauni 10,539. Ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, na hulipwa ya miaka yote kwa mkupuo siku ya kuomba. Mkenya hupimwa pia kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa.

Pesa hizo lazima zilale benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Nimeona siku hizo zikikatika mbele ya macho yangu. Familia ilifikisha kiasi kamili, siku zikaanza kuhesabiwa. Siku ya 19 kukatokea msiba kijijini, baba akatoa Sh40,000 za gari la kusafirisha mwili, akazirudisha baada ya siku tatu. Kwake pesa zilikuwa zimerudi. Kwa kanuni, hesabu ilianza upya kuanzia siku ya kurudisha, na muhula ukawa unakaribia. Mtoto alifika chuoni siku mbili kabla ya usajili kufungwa, mama akiwa hajalala wiki nzima. Jifunze kwao: weka kiasi kinachozidi kile kinachotakiwa, na pesa za misiba na dharura zikae akaunti nyingine. Na kumbuka kwamba Uingereza hukubali akaunti yako, ya wazazi au ya mlezi wa kisheria. Ya mjomba, hata akiwa ndiye mlipaji, haikubaliki. Ahamishe mapema, na iwepo barua yake inayosema pesa hizo ni zawadi.

Kanada, tangu Septemba 2025, mtu mmoja huonyesha dola za Kanada 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na karo na nauli, na anayekwenda shahada ya kwanza anahitaji pia barua ya uthibitisho ya mkoa anaokwenda kusomea. Barua hiyo hupatikana kupitia chuo. Ujerumani huweka yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, nawe unapewa 992 kila mwezi ukishafika.

Marekani, chuo hukupa I-20 ukishathibitisha pesa, unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za viza, unajaza fomu ya viza ya DS-160, kisha unakwenda kuhojiwa ubalozini Gigiri. Siku hizi huagizwa pia uziache wazi akaunti zako za mitandao ya kijamii. Mahojiano hufanyika umesimama dirishani, mara nyingi dakika chache tu. Msichana wa mitungi aliulizwa maswali matatu: kwa nini chuo hiki, nani atalipa baada ya mwaka wa kwanza, na ukimaliza utafanya nini. Lile la pili alilijibu bila kupepesa macho, kwa sababu tulikuwa tumeliandika sebuleni kwangu miezi kumi na nne iliyotangulia.

Usipeleke taarifa ya benki ya kughushi. Uingereza hukufungia miaka 10, Kanada mitano, Marekani inaweza kukufungia maisha. Ukinyimwa viza kwa haki, unaweza kuomba tena. Ukinaswa na uongo, umejifungia na milango mingine.

Hatua ya 9: Kuondoka

Koti zito moja linunue Gikomba au Toi, la kushukia uwanja wa ndege, na nguo nyingine za baridi nunua huko huko, maana wao wanajua baridi yao. Koti la yule msichana lilitugharimu Sh1,200. Tulilikagua zipu mara nne, tukalianika juani siku mbili.

Barua ya chuo, I-20 au barua ya viza, vyeti halisi, chanjo na anwani ya bweni viende kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Nakala za skani zibaki na mama na kwenye baruapepe. Beba fedha za matumizi ya wiki mbili, kwa kuwa akaunti ya benki haifunguki siku ya kwanza. Ukifika, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kwenda kutembea mjini: kusajiliwa chuoni ndiko kunakoishikilia viza yako. Ujerumani utasajili pia makazi kwenye ofisi ya jiji.

Mzazi, kubaliana na mtoto kwamba kila karo mpya ikitoka, atakutumia taarifa yenyewe, ikiwa na deni, salio na msaada. Asikutumie ujumbe wa kusema "tuko sawa". Watoto wetu wana aibu ya kuomba, na hunyamaza hadi chuo kiandike barua ya mwisho.

Msichana wa mitungi yuko mwaka wa tatu sasa. Agosti iliyopita alinitumia picha ya taarifa yake: karo, malazi, chakula, bima, na upande wa pili msaada wa chuo. Safu ya mwisho ilikuwa sifuri. Niliichapisha pale saiba, duka la intaneti karibu na steji, nikaibandika kwa gundi kwenye ukurasa wake wa daftari, chini ya swali lile la kwanza ambalo mama yake aliliandika kwa mkono wake.